Moyo wa baba umetanuka: unatanukaje, na je, utarudi?

*Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, ni mkulima wa mtama na alizeti kule Mpwapwa. Nimemleta kwangu Ipagala, hapa Dodoma mjini, kwa sababu miguu inavimba na akitembea kidogo anahema. Usiku analalia mito mitatu. Hospitali presha ilisoma 172/104, akapigwa eksirei ya kifua, tukaambiwa moyo umetanuka. Kapewa dawa nne na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Nyumbani kila mtu anasema lake. Shangazi anasema moyo umejaa mawazo tangu mama afariki. Jirani anasema damu imekuwa nyingi, apigwe chuku ipungue. Naomba kuelewa: moyo unatanukaje, na je, utarudi kuwa kama zamani?*

Marahaba, dada. Pole kwa kuuguliwa na mzee, na pole kwa msiba wa mama.

Nianze na jibu fupi. Moyo ni msuli, na msuli unaobebeshwa mzigo mzito miaka nenda miaka rudi hubadilika umbo. Presha ya 172 kwa 104 haikuanza wiki iliyopita. Mtu aliyefikia kulalia mito mitatu, mara nyingi presha hiyo amekaa nayo miaka mingi bila kuumwa popote. Sasa msuli umechoka, na maji ambayo yangepaswa kutoka mwilini yamebaki. Mzigo huo unapunguzika na maji hayo yanatoka. Sehemu moja ni kazi ya dawa, nyingine ni kazi yenu hapo nyumbani, na utaifanya vizuri zaidi ukijua moyo unavyofanya kazi.

Moyo wa mtu mzima unakaribia ukubwa wa ngumi yake mwenyewe na una uzito wa gramu 300 hivi. Umekaa katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, ncha yake imeelekea kushoto, ndiyo maana mapigo tunayasikia upande huo. Ndani una vyumba vinne: viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinasukuma. Ila ukitaka kuuelewa, uhesabu kama pampu mbili zilizoshikana ubavu kwa ubavu na kupiga kwa pamoja. Pampu ya kulia inapokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka mapafuni, ambako ni hapo jirani tu. Pampu ya kushoto inaipokea damu hiyo ikitoka mapafuni na oksijeni mpya, kisha inaisukuma kwenye mshipa mkuu, aota, iende mpaka utosini na mpaka kwenye vidole vya miguu.

Tofauti ya kazi hizo mbili unaweza kuiona kwa macho. Siku ukinunua moyo wa mbuzi buchani, ukate kwa kuupitisha kisu upana, chini kidogo ya katikati. Utaona tundu mbili. Moja ni la mviringo, limezungukwa na nyama nene na ngumu: huo ni upande wa kushoto. La pili limebana kama mwezi mwandamo, ukuta wake ni mwembamba: huo ni wa kulia. Kwa binadamu ukuta wa kushoto una unene wa milimita 10 hivi, wa kulia 3 hadi 4. Ndani utakuta pia nyuzi nyeupe ngumu kama kamba za nailoni. Hizo zimeshikilia valvu, yaani milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu iliyokwenda mbele isirudi nyuma. Valvu ziko nne. Ile sauti ya "dub-dup" ambayo daktari anaisikiliza kifuani ni ya milango hiyo ikijifunga: ya kwanza ni ile miwili iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini, ya pili ni ile miwili ya kutokea. Mlango unaovuja au ulioziba kidogo huongeza sauti nyingine ya kuvuma katikati yake.

Mapigo yenyewe yanaanzishwa na umeme mdogo unaozalishwa kwenye chumba cha juu cha kulia, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Umeme huo unasita kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya kushuka chini, ili vyumba vya chini viwahi kujaa. Kipimo cha ECG, kile cha kubandikwa nyaya kifuani, kinasoma safari hiyo ya umeme.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kila pigo linatoa mililita 70 hivi za damu, sawa na kikombe kimoja kidogo cha kahawa, vile visivyo na mkono. Mapigo 70 kwa dakika yanakupa karibu lita 5. Kwa mwendo huo ndoo ya lita 20 ingejaa kwa dakika nne, na kwa siku moja moyo ungejaza ndoo kama 350. Nani mwenye punda Dodoma angeweza kusomba maji hayo? Na damu yote ya mtu mzima ni lita 5 tu, maana yake ni ileile inazunguka na kurudi kila baada ya dakika moja hivi. Hesabu ya namna hii ndiyo aliyoitumia daktari Mwingereza William Harvey mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu inazunguka. Kabla ya hapo waganga wa Ulaya waliamini ini linatengeneza damu na mwili unaimaliza kama chakula. Harvey alionyesha kuwa kiasi kinachopita moyoni kwa nusu saa tu kinazidi damu yote iliyomo mwilini, kwa hiyo haiwezekani iwe inatengenezwa mpya kila mara.

Hiyo ni wingi wa kazi. Presha ndiyo uzito wake. Namba ya juu ni msukumo ulio kwenye mishipa moyo unapokamua. Ya chini ni msukumo unaobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Zinahesabiwa kwa milimita za zebaki, lakini zigeuze kuwa maji upate picha. Presha ya 120 ina uwezo wa kupandisha maji mita 1.6. Presha ya 172 ni mita 2.3. Kwa hiyo moyo wa mzee uko kama mtu anayevuta maji kisimani, halafu kisima kikaongezwa kina kwa sentimita 70, naye anavuta mara laki moja kwa siku, usiku na mchana, bila siku ya mapumziko. Na ile 104 usiidharau. Mlango wa kutokea kwenda aota haufunguki mpaka chumba cha kushoto kiishinde kwanza namba ya chini. Mtu mwenye 80 anaanza kutoa damu mapema. Mzee anatumia nguvu nyingi kwenye kufungua mlango tu.

Msuli ukipewa mzigo wa namba hizo hujibu kama mikono ya mpasua kuni: unanenepa. Ukuta wa milimita 10 unakuwa 13, 14. Kwa mikono hilo ni jambo jema, kwa moyo lina gharama. Nyama imeongezeka, lakini mishipa midogo ya kuilisha haikuongezeka kwa kiwango hicho. Tena moyo hulishwa zaidi pale unapolegea, kwa sababu ukikaza unaibana mishipa yake mwenyewe. Ukuta mnene unakuwa mgumu, haulegei vizuri, na taratibu makovu madogo yanaingia katikati ya nyuzi za msuli. Miaka yote hiyo mtu analima, anacheka, anahudhuria misiba, hana habari. Huu ndio ubaya wa presha: inaharibu bila kuuma.

Baadaye nyama iliyochoka inaanza kuachia. Kwa kawaida chumba cha chini cha kushoto hujaa mililita 120 hivi, kikatoa 70 na kubakiza 50. Msuli dhaifu unabakiza zaidi, na damu mpya inaingia juu ya iliyobaki, chumba kinavutika. Mwanzoni kuvutika kunasaidia, maana msuli wa moyo ukivutwa hurudi kwa nguvu zaidi, kama mpira wa manati. Lakini manati inayokaa imevutwa muda wote hulegea. Isitoshe, kadiri chumba kinavyopanuka ndivyo ukuta unavyolazimika kutumia nguvu nyingi zaidi kutoa presha ileile. Mwishowe unakuta chumba kinajaa mililita 220 na kutoa 60. Hapo ndipo moyo unasemwa umetanuka. Daktari wa eko, yaani altrasaundi ya moyo, atawaandikia asilimia ya damu inayotoka: 60 kati ya 220 ni kama asilimia 27, wakati ya kawaida ni kati ya 55 na 70. Kwenye cheti mnaweza kukuta maneno "moyo kushindwa kufanya kazi". Maneno hayo yanatisha watu kuliko yanavyostahili. Hayamaanishi moyo umesimama au uko mbioni kusimama; yanamaanisha hautoi damu ya kutosheleza mahitaji, au unaitoa kwa kulimbikiza maji nyuma yake.

Mito mitatu inatokana na huko kulimbikiza. Damu isiyosukumwa mbele inaleta foleni nyuma. Nyuma ya chumba cha chini cha kushoto kuna chumba cha juu, na nyuma yake kuna mishipa ya mapafu, ambayo ni myembamba ajabu kwa sababu kazi yake ni kupitisha hewa. Kwa kawaida msukumo ndani yake ni kama 10 tu. Ukifika 25 hivi, maji ya damu yanaanza kuvuja kuelekea vifuko vya hewa, na mzee anahisi kama anazama. Mchana maji mengi yanakaa miguuni kwa uzito wake. Akilala chali yanarudi kifuani ndani ya saa moja au mbili, ndipo anashtuka usingizini na kukimbilia dirishani. Mito inamwinua kifua, maji yanabaki chini. Kwa hiyo idadi ya mito ni kipimo kizuri tu, tena cha bure. Akitoka mitatu kwenda miwili, dawa zinafanya kazi. Akihamia kulala amekaa kwenye kiti, hali imeharibika hata kama presha inasoma vizuri.

Foleni ikiendelea inafika mpaka pampu ya kulia, na nyuma yake ni mishipa ya mwili mzima: shingoni inasimama, ini linajaa, miguu inavimba. Mbonyeze kwa dole gumba juu ya mfupa wa ugoko kwa sekunde tano, uachie. Kama kishimo kinabaki, ni maji. Angalia kimefika wapi, kifundoni, katikati ya ugoko au gotini, na uandike. Damu ya miguuni inapanda kwa msaada wa misuli ya vigimbi inayoikamua mtu anapotembea, na ndani ya mishipa kuna valvu ndogo za kuizuia isishuke tena. Kwa hiyo mzee anayekaa kibarazani siku nzima miguu imening'inia atavimba zaidi ya yule anayeinuka mara kwa mara, au anayekaa ameiweka juu ya kigoda.

Lakini maji yote hayo yametoka wapi? Hapa figo ndizo zenye jibu. Figo hupima mtiririko wa damu unaozifikia. Ukipungua, zinaelewa jambo moja tu: mwili umekauka, au unatoka damu. Basi zinatoa homoni za kubana mishipa na kuzuia chumvi na maji yasitoke. Kwa mkulima anayepalilia juani bila maji ya kunywa karibu, utaratibu huo ni uhai. Kwa baba yako ni kosa, kwa sababu maji anayo tele, kinachokosekana ni msukumo. Figo zinaongeza maji, maji yanaongeza foleni, mishipa iliyobanwa inaongeza presha, moyo unatanuka zaidi. Dawa zote za maana za ugonjwa huu zinavunja mzunguko huo mahali fulani.

Ndiyo maana jirani hajakosea kabisa, ila chuku si jibu. Kilichozidi ni maji na chumvi, chembe za damu hazijazidi. Chuku inatoa damu yenyewe, ambayo anaihitaji kubeba oksijeni, na inaacha chumvi yote mahali pake. Akiishiwa damu, moyo utalazimika kwenda mbio zaidi. Na shangazi anastahili kusikilizwa kwa upole. Huzuni hupandisha presha na mapigo kwa muda, na mfiwa huacha kula, kulala na kumeza dawa. Lakini huzuni peke yake haiwezi kueleza foleni hii ya miaka mingi. Mkimweka mzee kwenye fungu la "mawazo", mtamnyima tiba.

Kuna jambo moja nataka mlifuatilie kabla ya yote: eksirei inaonyesha kivuli cha moyo, haionyeshi sababu. Kipimo chake ni kwamba upana wa moyo usizidi nusu ya upana wa kifua. Picha iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala, au hakuvuta pumzi vizuri, hukuza kivuli hata kwa mzima. Na moyo ulionenepa bila kupanuka unaweza kuonekana wa kawaida kabisa. Kipimo cha kuamua ni ile eko. Inaonyesha unene wa kuta, ukubwa wa vyumba, asilimia ya damu inayotoka, na valvu zikifunguka. Haichomi wala haina mionzi. Ombeni rufaa ya kliniki ya moyo Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kama mzee ana bima, ulizeni mapema inalipia nini.

Nasisitiza eko kwa sababu presha ina wenzake. Valvu zinaweza kuwa ziliharibika utotoni, baada ya mafindofindo yasiyotibiwa kuleta homa ya baridi yabisi, na hilo linataka tiba nyingine, hata upasuaji. Kifua kikuu kinaweza kujaza maji kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Kwenye eksirei unaonekana mkubwa sana, kumbe moyo wenyewe umebanwa ndani ya maji. Pombe nyingi ya miaka mingi huchosha msuli. Upungufu mkubwa wa damu pia. Kwa akina mama kuna moyo unaotanuka mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Msomaji mwingine akiona mzazi anahema na kuvimba, asiambiwe ni uchovu wa uzazi.

Kuhusu dawa nne: hukunitajia majina, angalia kwenye boksi. Kwa kawaida huwa hizi. Furosemide ni ya kutoa maji kwa mkojo. Apewe asubuhi, akipewa jioni atashinda usiku chooni. Losartan au enalapril inakata zile homoni za figo na kulegeza mishipa. Enalapril huweza kuleta kikohozi kikavu, akikipata mseme, abadilishiwe. Carvedilol au bisoprolol inapunguza kasi ya moyo ili uwahi kujaa na kulishwa. Hiyo huanzishwa kwa kiwango kidogo na kupandishwa taratibu, wiki za mwanzo mzee anaweza kujihisi mzito, na isikatishwe ghafla hata siku moja. Spironolactone inasaidia furosemide na kuukinga msuli na makovu. Kwa wanaume huweza kuvimbisha matiti, ataona haya kusema, basi muulize wewe. Losartan na spironolactone zote hubakiza madini ya potasiamu mwilini, na yakizidi yanaharibu umeme wa moyo. Ndiyo maana mlipewa tarehe ya wiki mbili: lazima damu ipimwe figo na potasiamu. Msiipitishe. Na kama kwenye boksi mojawapo pameandikwa amlodipine, mwambieni daktari kuhusu miguu, kwa sababu hiyo huvimbisha vifundo yenyewe.

Sasa ya nyumbani, na ninaanza na mzani kwa sababu ndio mlinzi wenu mkuu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, akiwa na nguo zilezile, apande mzani na namba iandikwe. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, hakunenepa, amejaa maji, hata kama miguu haijavimba bado. Hapo mnarudi kliniki bila kungoja tarehe.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima yeyote, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai, na hiyo ni chumvi ya vyakula vyote kwa pamoja. Pima asubuhi kiasi cha mzee kwenye kikopo kidogo, kikiisha kimeisha. Lakini hapa Dodoma lazima niseme kuhusu magadi. Mlenda na maharage tunapika kwa magadi, na magadi ni sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi, ile inayoshika maji. Mgonjwa anaweza kuacha chumvi kabisa na bado akavimba kwa mlenda wa kila siku. Mpikie bila magadi: bamia ina utelezi wake wa kutosha, majani yakatwe laini na yachemke zaidi, karanga, nyanya na ndimu zitaleta ladha. Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva bila magadi. Samaki wa chumvi na vile vidonge vya kuungia supu aviache. Chumvi mbadala za potasiamu zinazouzwa kuwa "salama kwa presha" msizitumie kwake, kwa sababu ya zile dawa mbili nilizozitaja.

Dawa za maumivu ni mtego ambao huwarudisha wengi wodini. Mkulima wa miaka 63 ana mgongo na magoti, na diclofenac au ibuprofen ataipata duka lolote la dawa. Zote mbili zinazifanya figo zibakize chumvi na maji, na zinaipinga furosemide. Paracetamol ya kawaida ni salama zaidi kwake, ila isiwe ile ya kuyeyusha majini yenye povu, maana ina sodiamu nyingi.

Maji ya kunywa: anywe kwa kiu. Ushauri wa "lita tatu kwa siku" haumhusu. Daktari akimwekea kikomo, mara nyingi lita 1.5 hadi 2, chai na uji vinahesabiwa humo. Kinyume chake pia kipo: akiharisha au kutapika, hasa kwenye joto la Oktoba na Novemba, dawa hizi zinaweza kumkausha na kuziumiza figo. Akianza kizunguzungu anaposimama, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo muulize dawa ipi isimamishwe kwa muda.

Presha mnaweza kupima nyumbani kwa mashine ya mkono wa juu, lakini ikipimwa ovyo inadanganya. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu sakafuni bila kukunja nne, kibofu kiwe kitupu, atulie dakika tano asiongee. Mkono uwe mezani, usawa wa moyo; ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, mashine itaongeza karibu 8. Kitambaa kiwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati, andika zote. Ukishika mapigo mkononi na kukuta hayana mpangilio, mara haraka mara yanaruka, liandike nalo. Vyumba vya juu vinavyotetemeka badala ya kukamua hugandisha damu, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi.

Msisubiri asubuhi akianza kuhema akiwa amekaa tu, akikohoa povu lenye rangi ya waridi, akibanwa kifua zaidi ya dakika 15 maumivu yakienda mkononi au tayani, akizimia, au mdomo ukienda upande. Mkimkimbiza, mkalisheni wima miguu ikiwa chini. Kumlaza kwenye kiti cha nyuma cha teksi ni kumrudishia maji kifuani.

Na je, utarudi? Kwa wengi, sehemu yake hurudi. Presha ikishuka na kubaki chini, na zile dawa zikipandishwa mpaka kiwango kamili, chumba kilichopanuka kinaweza kusinyaa na asilimia ikapanda. Wengine hufika karibu na kawaida. Hilo linachukua miezi, si wiki, na ndiyo maana eko hurudiwa baada ya miezi mitatu hadi sita. Makovu yaliyokwisha kuingia hayafutiki. Na moyo uliopona kwa dawa unashikiliwa na dawa: wanaoziacha kwa kuwa "nimeshapona" wengi hutanuka tena.

Uvimbe ukiisha na akalala kwa mto mmoja, atembee kila siku, dakika 10 kwanza, mwendo ambao anaweza kuongea bila kukatika pumzi, na kuongeza dakika chache kila wiki. Jembe lisubiri kauli ya kliniki baada ya eko. Mvua za Desemba zikimkuta bado hajaruhusiwa, aende Mpwapwa kusimamia, wengine walime, na dawa za safari nzima ziwe mfukoni mwake. Siku ya kurudi kliniki mpelekee daktari daftari lenye uzito, presha na idadi ya mito, pamoja na mfuko wa dawa zote anazomeza, na zile za dukani na za mitishamba zisiachwe nyumbani.